Propela ya mbele ya Land Cruiser: krosi ya upande wa transfa haifikiki kwa pampu ya grisi

Dereva wa Sikonge ameuliza:

Habari zenu, mafundi na madereva wenzangu. Ninaendesha Land Cruiser pikapu ya injini ya 1HZ, yenye ekseli nzima ya mbele na habu za kufungwa kwa mkono, yaani vitovu vya magurudumu ya mbele vinavyounganishwa na ekseli au kuachanishwa nayo. Kazi yake ni kubeba asali na nta kutoka vijiji vya Sikonge na njia ya Ipole kuelekea Inyonga, ambako kiangazi ni vumbi tupu na masika ni udongo wa mbuga unaoganda mpaka ndani ya rimu.

Krosi, yale maungio ya umbo la msalaba kwenye ncha za propela (mhimili unaopeleka mzunguko kwenye ekseli), kwa upande wa nyuma ninazitia grisi bila taabu. Kwa propela ya mbele, krosi ya upande wa difu (gia za katikati ya ekseli) inafikika kwa kujipinda kidogo, lakini nipeli, kile kichuchu cha kutilia grisi, ya krosi ya upande wa transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) imetazama juu, katikati ya boriti ya chasisi na bomba la moshi, kiasi kwamba mdomo wa pampu unakaa upande na grisi yote hurudi nje badala ya kuingia. Gereji moja ya hapa iliniambia niiache tu, kwa kuwa gari halivutwi na magurudumu ya mbele kila siku. Maelezo hayo hayakuniridhisha. Je, ninyi mnaifikiaje? Na zile nako za mbele, yale maumbo makubwa ya mviringo kama mpira yaliyo nyuma ya magurudumu, mahali yanapogeukia, hutiwa grisi gani na kwa kiasi gani?

Fundi wa Isevya, Tabora:

Ndugu, kabla ya kununua kifaa chochote, igeuze propela yenyewe. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia matairi ya nyuma kwa mawe au vipande vya gogo, weka transfa kwenye H2 (gari likivutwa na magurudumu ya nyuma tu), kisha fungulia habu zote mbili. Katika hali hiyo propela ya mbele haijashikwa na transfa wala na magurudumu, kwa hiyo utaizungusha kwa mkono mmoja ukiwa umelala chini, mpaka nipeli itazame chini au ubavuni. Kwa gari lisilo na habu za kufungulia, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, halafu mwenzako alizungushe gurudumu hilo taratibu huku wewe ukitazama propela.

Nipeli ikishatazama mahali penye nafasi, ifute kwa kitambaa mpaka uone chuma kinang'aa, kwa sababu mchanga ulio juu ya nipeli ndio wa kwanza kuingia ndani ya beringi. Tumia pampu yenye mpira wa kupinda badala ya bomba la chuma. Ikiwa bado grisi inarudi nje hata mdomo ukiwa umekaa sawa, kigololi cha nipeli kimekwama. Fungua nipeli hiyo uweke mpya, ni kitu cha bei ndogo.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaipita haraka. Krosi ina vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe mna sindano za beringi zinazozunguka kidogo sana. Kuhesabu mikono ya pampu hakukuambii lolote. Unachotakiwa kuona ni grisi mpya ikichungulia kwenye sili (mipira ya kuziba) za vikombe vyote vinne. Mara nyingi hutoka kwenye vitatu, na cha nne kikabaki kikavu. Hapo itikise propela juu na chini huku mwenzako akisukuma pampu. Ikikataa, legeza boliti nne za flanji, yaani sahani inayofungia propela, ili krosi isiwe na mzigo, lakini kwanza piga alama ya rangi kwenye flanji zote mbili ili zirudi zilivyokuwa. Kikombe kikitoa unga mwekundu kama kutu, usiendelee kutia grisi. Krosi hiyo imekwisha, badilisha.

Kuhusu ushauri wa gereji: kitabu cha mwenye gari cha Toyota kinataka magurudumu ya mbele yavute angalau kilomita 16 kila mwezi, ili sehemu zake zipate kulainishwa. Krosi inayokaa bila kuzunguka kiangazi kizima huliwa na kutu mahali palepale sindano zilipolala.

Mzee wa Kaliua:

Ninaunga mkono, nikiongeza mambo mawili. Propela ina nipeli nyingine kwenye mkono wa kuteleza, pale penye meno. Hapo usisukume mpaka grisi itoke kama kwenye krosi. Mkono ule ukijaa, propela haiwezi tena kufupika pale springi zinapobonyea kwenye shimo, na msukumo wote unaishia kwenye beringi na sili za transfa. Sukuma kidogo, na ukiona mkono unaanza kurefuka, acha.

La pili ni kwa wenzetu wa malori ya tumbaku yenye kingi pini za kutiwa grisi, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia. Inueni ekseli ya mbele kwa jeki kabla ya kusukuma grisi. Tairi likiwa chini, uzito wa lori unaibana beringi ya chini ya kingi pini, hivyo grisi hupita upande wa juu tu na wewe unadhani umemaliza.

Fundi wa Ujiji:

Nijibu swali la nako, maana huku Kigoma magari ya njia ya Uvinza hunijia na kasoro hiyo mara kwa mara.

Jointi iliyo ndani ya nako hutiwa grisi ya lithiamu namba 2 yenye molibdenamu, ile nyeusi. Krosi za propela hutosheka na grisi ya lithiamu namba 2 ya kawaida. Juu ya nako kuna plagi ya kichwa cha mraba. Ifungue, ingiza waya safi, uone grisi imefika wapi na ina hali gani. Kiasi cha robo tatu kinatosha. Ukijaza mpaka juu, grisi itasukumwa kupita sili ya ndani na kuingia kwenye bomba la ekseli, na huko itaharibu oili ya difu.

Waya ukitoka na uji mwembamba unaonuka oili ya difu, kuongeza grisi si dawa. Sili ya ndani imepitisha, na uji huo ndio unaouona ukilowesha nako kwa nje na kudondokea kwenye rimu. Pima na oili ya difu, utaikuta imepungua. Ukikuta maji au rangi ya maziwa, nako ifunguliwe yote, ioshwe, ifungwe kwa sili mpya. Na ukikata usukani mpaka mwisho huku habu zimefungwa, ukasikia mlio wa kukatakata, jointi imelika.

Dereva wa Sikonge:

Shikamoo mzee wa Kaliua, na ninawashukuru wote. Nimeizungusha propela kwa mkono kama alivyoelekeza Fundi wa Isevya, na nipeli imefikika kwa pampu ileile niliyonayo. Vikombe vitatu vimetoa grisi, kimoja kimekataa. Je, nikivuka maji ya Ugalla nisubiri mpaka nifike nyumbani ndipo nitie grisi tena?

Fundi wa Isevya, Tabora:

Usisubiri siku ya pili. Chuma chenye joto kikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, kwa hiyo jioni ileile sukuma grisi mpaka itoke safi bila matone ya maji. Kwa hicho kikombe kilichokataa, legeza flanji kwanza; kikikataa tena, tafuta krosi mpya kabla mvua za Novemba hazijaanza.