USHAURI: Tangi la kioo au banda la mbao kwa simbilisi? Lita 75 zinatosha?

MamaPacha_Uyole
Wakuu, habari za leo. Nina simbilisi, watoto wamewapenda sana. Sasa hivi wanakaa kwenye boksi la TV na boksi lenyewe limeshaanza kuoza kwa mkojo. Kuna jirani anahama Mbeya, anauza tangi lake la samaki la kioo, anasema ni la lita 75, anataka elfu 40. Fundi selemala wa hapa Uyole naye kasema atanitengenezea banda la mbao kwa elfu 60. Nimesoma mtandaoni kwamba lita 75 zinatosha wawili. Jirani anaondoka Jumamosi, hivyo naomba majibu ya haraka. Kipi bora? Natanguliza shukrani.

Kamwene_Kihesa
Kamwene. Wako wangapi? Madume au majike? Watakaa ndani au nje? Umekuja kama mtu anayeingia duka la viatu akasema "naomba kiatu" halafu akanyamaza.

Mlafi wa Makambako
Swali la kwanza kabisa: ni wa kula au wa kuangalia? Kama ni wa kula huhitaji tangi, unahitaji sufuria.

MamaPacha_Uyole
Ni wa watoto, na wana majina. Tuache hayo. Watakaa ndani, labda sebuleni, labda stoo.

Mlafi wa Makambako
Hata kuku wa mama yangu walikuwa na majina.

hesabu_tu
Dada, simbilisi haogelei. Lita za nini? Huyu mnyama haparamii wala harukiruki, maisha yake yote ni sakafu. Urefu wa kwenda juu haumsaidii kitu. Chukua futi kamba, pima tangi kwa ndani, urefu na upana, lete hapa.

Halafu hizo lita 75 ulizosoma nadhani si za simbilisi. Ni za wale panya wadogo wa jangwani wenye mkia wa manyoya, asili yao Mongolia, Wazungu wanawafuga sana. Wale wanachimba mahandaki, ndiyo maana wanawekewa tangi la kioo lenye maranda ya kina cha sentimita 20 na zaidi, wapate pa kuchimba na yasimwagike nje. Simbilisi hachimbi. Ukimjazia maranda mpaka kifuani unampa kazi ya kutembea tu.

MamaPacha_Uyole
Kweli, ile kurasa ilikuwa na picha ya panya, nikasema ni jamii moja. Nimepima: inchi 24 kwa 12.

hesabu_tu
Futi 2 kwa futi 1. Futi mraba 2. Simbilisi mkubwa anafika kilo moja na urefu wa sentimita 25 hivi, maana yake akilala kwa upana amebakiza nafasi ya kiganja. Wanaofuga kwa kufuata utaratibu wanasema wawili wapewe angalau futi mraba 7 na nusu, yaani kama mita mraba 0.7. Wewe unataka kununua robo ya nyumba. Na bado hujasema wako wangapi!

fundi_maranda (Mafinga)
Achana na kioo. Plaiwudi moja ni futi 8 kwa 4. Igawe vipande vinne vya futi 4 kwa 2. Kimoja sakafu. Kingine kipasue katikati upate kuta mbili ndefu za futi moja kwenda juu. Cha tatu toa kuta fupi. Cha nne tengeneza kisanduku cha kulala na chenji inabaki. Juu weka fremu yenye wavu na bawaba. Umepata futi mraba 8. Elfu 60 ya fundi wako si mbaya kama plaiwudi ni yake, ila muulize kwanza, mafundi wengine wanataja bei ya mikono tu.

Samaki_Forest
Mbao inakunywa mkojo. Miezi sita tu banda linanuka kama choo cha stendi. Kioo unafuta kwa maji na siki, kinarudi kipya. Mimi nina matangi matano nyumbani, najua ninachosema.

Kamwene_Kihesa
Matangi matano ya samaki, mkuu. Samaki.

Ngoja nieleze yaliyonikuta. Ni mwaka 2021, hapa Kihesa. Nilikuwa na wawili, mmoja mweupe mwenye kiraka cheusi jichoni, binti yangu akamwita Daktari. Kazini kulikuwa na tangi la kioo ambalo samaki wake walishakufa, nikapewa bure. Nikalisugua, nikaweka maranda, nikaliegesha sebuleni chini ya dirisha wapate mwanga. Juu nikafunika ubao kwa ajili ya paka wa jirani, na juu ya ubao nikaweka tofali. Nikajiona mjanja. Juni na Julai zikapita vizuri kabisa, tena nikawa nawaambia watu kioo kinakinga baridi.

Kilichoanza ni harufu. Tangi halina tundu hata moja pembeni. Mkojo ukikaa siku mbili, ile hewa kali inayochoma macho inabaki humo humo, na wao ndio pua zao ziko chini pale. Daktari akaanza kupiga chafya. Nikasema ni vumbi, nikabadilisha maranda.

Mwezi wa kumi tukapata msiba Ilula. Tuliondoka alfajiri tukijua jioni tumerudi. Iringa mwezi wa kumi mnaijua, jua linavyochoma kabla mvua hazijaanza, na lile dirisha linalipokea kuanzia saa tisa mchana. Tulifika nyumbani saa moja usiku. Kioo ukikigusa bado kina uvuguvugu. Mmoja alikuwa ameshakauka. Daktari amelala ubavu, anahema kwa mdomo, kidevu chote kimelowa mate. Nikamfuta masikio na miguu kwa kitambaa cha maji ya kawaida, nikamdondoshea maji kwa bomba la sindano. Akaishi siku nne. Mnyama huyu hatoi jasho, joto likipita nyuzi 27 hivi anaanza kuteseka, na mimi nilikuwa nimemfungia kwenye chupa.

Binti yangu sasa yuko darasa la saba. Hajawahi tena kuniomba mnyama.

MamaPacha_Uyole
Pole sana kaka. Imeniuma.

Samaki_Forest
Pole mkuu. Lakini tuwe wakweli, kilichoua ni ubao, tofali na dirisha. Ungefunika kwa wavu na kuliweka kivulini, tusingekuwa tunakilaumu kioo.

Kamwene_Kihesa
Nimeshakuambia nilichokiona. Endelea na samaki wako.

Mzee wa Bulongwa
Sisi Makete banda tulikuwa hatulijui. Simbilisi walikaa jikoni kwa bibi, chini ya uchaga, wanatupiwa majani na maganda, usiku wanajikusanya karibu na mafiga wanaota moto. Ukiingia na kibatari wanapiga miluzi jiko zima. Na walikuwa hawaumwi.

hesabu_tu
Shikamoo mzee. Walikuwa hawaumwi, au mlikuwa hamwahesabu?

Mzee wa Bulongwa
Marahaba. Hapo umenikamata. Aliyekuwa anawahesabu ni paka.

Bodaboda_Kabwe
Samahani wakuu, simbilisi si ndio pimbi?

hesabu_tu
Hapana. Pimbi ni yule wa kwenye miamba. Simbilisi katoka Amerika ya Kusini, kule milima ya Andes, Peru na majirani zake, na kule mpaka leo ni kitoweo (Mlafi, hamia huko). Pimbi ni mtu wa hapa hapa, na ndugu yake wa karibu ni tembo.

Bodaboda_Kabwe
Tembo huyu huyu wa Ruaha? Mkuu umeanza ulanzi saa ngapi?

hesabu_tu
Huyo huyo. Pimbi ana meno mawili ya mbele yanayokua kama pembe za tembo. Kaulize mwalimu yeyote wa baiolojia.

Mlafi wa Makambako
Na mbuzi ni ndugu wa nani? Nauliza kwa ajili ya Jumapili.

Bodaboda_Kabwe
Sasa ulanzi wenyewe mwaka huu umeshaanza kushuka au bado? Nina safari ya Iringa.

Mwl_Tukuyu
Turudi kwa dada jamani, jirani yake anahama Jumamosi.

Mimi nafuga simbilisi tisa. Banda ni la mbao, limenyanyuliwa kwenye miguu, na kila mguu umesimama kwenye kopo lenye oili chafu. Sababu ni siafu. Wasiowajua siafu wa Rungwe msinibishie. Wakipita usiku kwenye banda lisilo na kinga, asubuhi unakuta mifupa. Sijui Uyole wakoje, lakini kopo nne hazina gharama.

Kuhusu mbao kunywa mkojo, Samaki yuko sahihi, ila dawa yake ni rahisi. Nunua kapeti la plastiki, lile la kutandika sakafuni, kata liwe kubwa kuliko sakafu ya banda ili pembeni lipande kidogo ukutani. Juu yake maranda au nyasi kavu. Mimi natoa sehemu zilizolowa kila siku na kubadilisha zote mara mbili kwa wiki. Fundi akikwambia aweke sakafu ya wavu ili kinyesi kidondoke, kataa. Nyayo zao ni laini, hazina manyoya, wavu unazichubua, zinavimba, kidonda chake hakiponi upesi.

Na tafadhali, majani ya parachichi usiwape. Huku kwetu kila ua una mparachichi na watoto wanachuma chochote. Ni sumu kwao. Majani ya viazi mviringo pia.

fundi_maranda (Mafinga)
Umesema vyema mwalimu. Maranda ninayo, mengi tu, paini safi kutoka mashineni. Mwenye gari linalotoka Mafinga kwenda Mbeya aje tuongee.

Kamwene_Kihesa
Paini mbichi, ile inayonukia utomvu, inawasumbua kifua. Yakaushwe kwanza juani mpaka harufu iishe, la sivyo nyasi kavu zinatosha.

fundi_maranda (Mafinga)
Mkoa mzima unafugia kuku kwenye maranda ya paini. Kuku gani kalalamika?

Kamwene_Kihesa
Kuku unamchinja mwezi wa pili. Simbilisi anaishi miaka mitano mpaka minane.

Mlafi wa Makambako
Inategemea anaishi kwa nani.

Dada_Gangilonga
Mimi hoja yangu ni baridi, naona mnaongelea joto tu. Uyole mwezi wa saba usiku nyuzi zinashuka chini ya 10. Kioo wala plaiwudi peke yake haviwasaidii. Wape kile kisanduku cha kulala, mlango mmoja mdogo, ndani ujaze nyasi kavu, na banda zima liwe mbali na upepo wa mlangoni. Usiwawekee jiko la mkaa karibu, moshi wake unaua hata watu. Na hoho je? Mnyama huyu mwili wake hautengenezi vitamini C kama sisi tu, lazima apate mboga mbichi kila siku. Kipande cha pilipili hoho, mchicha, sukuma. Asipopata, viungo vinauma, anaacha kutembea, mtu anadhani kalogwa.

MamaPacha, wako wangapi? Hii ni mara ya tatu unaulizwa.

MamaPacha_Uyole
Samahani, simu ilizima chaji. Wako wawili. Aliyeniuzia pale Mwanjelwa alisema ni dada wa tumbo moja, majike. Ila mmoja siku hizi anamzunguka mwenzake huku ananguruma na kutikisa kiuno. Nilidhani anacheza.

Mwl_Tukuyu
😂😂😂

hesabu_tu
Dada, huyo si dada.

Mwl_Tukuyu
Majike nao hufanya hivyo wakati mwingine, tusimhukumu mapema. Lakini mgeuze umwangalie, au mpeleke kwa mtu anayewajua. Wana umri gani? Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki sita tu. Anabeba miezi miwili na siku kadhaa, na akishazaa anaweza kushika nyingine saa chache baadaye. Watoto wanazaliwa na manyoya na macho wazi, wanakimbia siku hiyo hiyo. Kama ni dume, hesabu zetu zote za futi mraba 8 zimekufa.

Samaki_Forest
Hapo sasa hata mimi nasema asinunue tangi.

fundi_maranda (Mafinga)
Plaiwudi mbili, na ukuta wa katikati.

Bodaboda_Kabwe
Si amweke dume na sungura wa jirani wapate kampani?

Kamwene_Kihesa
Usithubutu. Sungura ana wadudu wa kifua ambao yeye hawamdhuru ila simbilisi wanammaliza, na teke lake moja linavunja mgongo.

MamaPacha_Uyole
Jamani nimechanganyikiwa. Fundi leo hapokei simu. Jirani kasema kuna mtu mwingine kaulizia tangi, kama nalitaka nitoe nusu leo jioni. Mume wangu anasema tuchukue vyote, tangi tuweke mbele ya TV, banda liende stoo. Sasa tangi tuweke nini?

Samaki_Forest
Samaki! Njoo inbox, nitakupa wa kuanzia bure. Hapo lita 75 ni saizi nzuri kabisa.

Dada_Gangilonga
Yule mwingine, asiyezunguka, amenenepa siku hizi? Weka picha ya ubavuni.

MamaPacha_Uyole
Amenenepa, ndiyo. Nilifurahi nikajua hoho zimemkubali. Picha ndiyo hii, samahani kwa boksi.