Mbwa watatu wa kona ya Sahare: nifanyeje bila kugombana na mzee wa watu?

Mpeleka Mikate, Tanga (Jumapili usiku)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri, na kwanza naomba nisichekwe.

Kazi yangu ni kusambaza mikate kwa baiskeli. Saa kumi alfajiri natoka bekari, kreti mbili nyuma kwenye keria na moja mbele, nazunguka maduka ya Sahare mpaka saa moja hivi. Mwaka wa sita huu. Mvua naijua, mashimo nayajua, hata yule mlinzi anayejifanya amelala ili asiitikie salamu namjua. Lakini tangu mfungo uishe kuna kona moja inanitoa jasho kuliko mlima.

Pale konani pana nyumba ya mzee mmoja mstaafu, na kando yake pagala ambalo halijaezekwa mwaka wa ngapi sijui. Ua ni wa michongoma, na chini una pengo la kupita mbuzi. Mzee ana mbwa watatu. Saa nne usiku anawafungulia walinde, asubuhi anawafunga. Shida ni kwamba asubuhi yake inaanza saa mbili.

Wa kwanza ana rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika. Huyu ni kelele tu, nikimkemea anarudi nyuma. Wa pili jike, zamani hakuwa na neno na mtu, siku hizi akiniona tu meno nje. Wa tatu ni mweusi, anaitwa Watajiju. Sitanii, nimemsikia mzee mwenyewe akimwita. Huyo Watajiju habweki. Unamshughulikia wa sikio kule mbele, yeye keshazunguka kwa nyuma, unasikia kucha tu kwenye changarawe.

Alhamisi wamenimaliza. Nilipiga pedeli kukimbia, wakanifuata wote watatu, gurudumu la mbele likaingia kwenye mchanga, nikaenda chini mimi na kreti. Mikate thelathini na kitu imemwagika. Watajiju akatia mdomo kwenye kreti la chini, mikate minane ilikuwa humo nikaitupa yote, na kreti nimeliosha mara saba, mara moja kwa udongo, maana wateja wangu wengi ni watu wa msikitini na mimi mwenyewe roho isingetulia. Suruali imechanika. Jino la Watajiju lilinipalaza kidogo hapa kwenye muundi, kidamu kama cha mbu, nikaosha kwa maji ya chumvi yakaisha. Hasara ya siku nzima nimeibeba mwenyewe.

Nilimfuata mzee mchana, akanijibu, "Mbwa wangu hawaumi mtu." Suruali nimeivaa, tundu analiona.

Swali langu: niwafanyeje hawa mbwa? Mwenzangu wa bekari ananishauri nitie dawa ya panya kwenye mkate, niwatupie, yaishe. Mwingine anasema manati. Njia nyingine ya kwenda maduka ya kule inanizungusha dakika ishirini na mikate inapoa.

Boda wa Maili Moja

Pole sana mkuu. Hilo jina limeniua. Huku kwetu kuna jirani mbwa wake anaitwa Mtanuna, kila jioni anasimama barabarani anaita "Mtanunaaa", na mtaa mzima tunajua anatuambia sisi.

Kosa lako lilikuwa kukimbia. Mbwa akiona kitu kinakimbia, miguu yake haimuulizi ruhusa. Hata sisi wenye pikipiki, ukivuta mafuta ndio unamwalika. Mimi nikifika penye mbwa napunguza kabisa, nainua miguu, napita kama nasindikiza msiba. Wengi wanabweka wanachoka.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ndugu Mpeleka Mikate, achana na mbwa kwanza. Umeandika kama kitu kidogo kwamba jino lilikupalaza na damu ikatoka. Leo Jumapili. Tangu Alhamisi umekwenda hospitali?

Kama hujaenda, kesho asubuhi kabla ya mikate nenda. Sikutishi. Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mate, na kwa mate tundu la sindano linatosha. Dalili zinaweza kukaa kimya wiki kadhaa, mara nyingi mwezi mmoja mpaka mitatu, kisha zikianza hakuna dawa ya kukurudisha. Lakini ukiwahi chanjo kabla ya dalili, unapona na kusahau. Siku tatu zimepita, bado hujachelewa, ila kesho isipite.

Maji ya chumvi hayatoshi. Jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa kutazama saa, siyo kwa kukisia. Hata sasa hivi ukiwa unasoma hapa, nenda bombani. Usipake mafuta ya taa, wala kitunguu, wala pilipili, na usikubali mtu akufunge kwa kubana. Ukifika, mwambie daktari damu ilitoka, asije akadhani ni mkwaruzo mkavu. Jeraha la damu linaweza kuhitaji na sindano nyingine ya kinga, inayodungwa penye jeraha lenyewe.

Na ondoa hofu ya sindano za kitovuni. Hizo ni za enzi za babu zetu. Siku hizi ni begani.

Mpeleka Mikate

Dada yangu, sijaenda. Nilidhani ni mkwaruzo tu, na mbwa mwenyewe namjua, si wa kuokota jalalani. Natoka bombani sasa hivi, nimetumia kipande kizima cha sabuni ya mche. Kesho nakwenda.

Mstaafu wa Mifugo

Kijana, umeshauriwa vizuri na nesi. Mimi nina mambo yangu mengine.

Huyo jike aliyebadilika, chungulia pagala mchana akiwa amefungwa. Nakuwekea dau ana watoto humo. Mbwa jike mwenye watoto analinda eneo kubwa kuliko ua wa mwenyewe, na akichachamaa yeye, madume wanamfuata. Kama ndivyo, ukali huo una mwisho: watoto wakifika miezi miwili wanagawiwa, na jike anatulia. Lakini hao watoto wakibaki humo humo, mwakani mtahesabu mbwa wanane.

Habari ya dawa ya panya futa kabisa kichwani. Mkate wenye sumu haujui jina la mbwa. Ataokota kuku, ataokota paka, na kwa mtaa wenye watoto sitaki hata kuandika. Tena wewe ndiye mtu wa mikate. Siku akifa kiumbe chochote na kipande cha mkate mdomoni, nani atanunua kwako? Pamoja na hayo kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, mnyama hauawi kwa mateso kwa kuwa amekuudhi.

Kwa nilivyoona kazini, kuua mbwa hakumalizi mbwa. Ukiondoa mbwa waliokwisha chanjwa, nafasi yao na makombo yao vinachukuliwa na wengine ambao hawajaona sindano. Kinachozuia kichaa ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mzee siyo kama mbwa wake wanauma. Muulize kadi ya chanjo iko wapi. Mtu anayefuga kwa haki anaitoa kwa fahari, na asiyekuwa nayo ataanza kukuambia habari za wezi.

Na huyo mweusi asiuawe, asifukuzwe. Afungwe na aangaliwe siku kumi tangu alipokuuma. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku ile, ndani ya siku kumi atakuwa ameugua au amekufa. Akimaliza mzima, daktari wako ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Wewe usiamue mwenyewe.

Mtu wa Chake

Naunga mkono. Sisi Pemba tumeliona hili kwa macho. Kampeni za kuchanja mbwa zilifanya kichaa kipotee kisiwani, kikaja kurudi mwaka 2016, kikazimwa tena kwa chanjo. Na Pemba, kama ujuavyo, mbwa hatuwapendi kiasi hicho. Lakini walipelekwa foleni kwa kamba, watoto ndio waliowaburuta.

Mama Mbili

Mimi nauliza upande wa watoto. Wangu wanatoka saa kumi na moja na nusu kwenda shule, giza. Nimewafundisha wakimuona mbwa wainame kama wanaokota jiwe. Nimekosea?

Mstaafu wa Mifugo

Hujakosea, mama. Mbwa wetu wa mitaani wameijua hiyo tangu wakiwa wadogo, wengi wanarudi nyuma hata mkono ukiwa mtupu. Ila asiiname kwa mbwa aliyekwisha mfikia miguuni, atampa uso. Akishafika karibu, mtoto asimame kama mlingoti, mikono kifuani, asimkodolee macho, arudi nyuma hatua kwa hatua bila kumpa kisogo. Begi la shule aliweke mbele. Akiangushwa, ajikunje kama jongoo, mikono ifunike shingo na masikio.

Na wewe wa baiskeli hivyo hivyo. Shuka, baiskeli iwe kati yako na yeye, tembea nayo. Mbwa hajui kuuma fremu.

Mpeleka Mikate (Jumatatu jioni)

Nimerudi. Nimechomwa begani, kweli kabisa, haizidi kuumwa na siafu. Wamenipa kadi: leo, Alhamisi, Jumatatu ijayo, halafu siku ya kumi na nne na ya ishirini na nane. Ile sindano ya penye jeraha haikuwapo, wakaliosha upya na kulitia dawa, chanjo ikaanza palepale. Sindano moja imekula faida yangu ya siku tatu. Muuguzi aliniuliza kwa nini sikuja Alhamisi, nikamwambia nilikuwa namalizia maduka. Aliniangalia tu, hakusema neno.

Jioni nikaenda kwa mzee, safari hii sikwenda peke yangu. Nilimchukua mjumbe wetu, na mkononi nilikuwa na mkate wa moto wa nusu kilo. Nikaanza na shikamoo, nikakaa, nikaulizia presha yake. Suruali sikuitaja. Nikamwonyesha kadi yangu ya hospitali, nikamwambia, "Mzee wangu, mimi nina kadi, naomba kuiona ya Watajiju."

Akaingia ndani. Akakaa muda mrefu, tunasikia droo zinafunguliwa. Ametoka na kadi mbili. Ya sikio na ya jike, zote za mwaka jana mwezi wa tisa, walipopita watu wa chanjo. Ya Watajiju hakuna. Kumbe Watajiju si mbwa wake hasa, alikuja mwenyewe kama mwezi wa kwanza hivi, amekonda, mzee akampa ugali, ndiyo ikawa basi. Na jina alimpa baada ya majirani kusema anajaza mbwa.

Mzee alinyamaza. Halafu akaniambia, "Mwanangu, yule nilidhani ananipenda mimi tu, na watu wengine hawahusu." Hasira zangu zote sijui zilienda wapi.

Pagala nimechungulia. Watoto watano. Mstaafu, dau lako umekula.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kwa hiyo aliyekuuma ndiye asiye na chanjo. Alhamisi usikose. Hata mikate ikiungua.

Mstaafu wa Mifugo

Huyo mweusi asichanjwe leo wala kesho, kwanza amalize siku kumi akiwa amefungwa. Mpeni maji na chakula kwa mbali, na mtu asimshike. Akianza kudondosha mate, kuyumba, kuuma hata mnyororo, au akawa mpole ghafla kupita kiasi, mwiteni afisa mifugo wa kata, msimguse. Mjumbe aandike jambo hili kwa mtendaji wa mtaa, liwe kwenye karatasi. Siyo la kumshitaki mzee. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo za wanyama wanaozurura, na karatasi ikiwapo mapema, siku mbwa wakitoka tena hamtaanza upya.

Boda wa Maili Moja

Na mikate minane nani analipa?

Mpeleka Mikate (Jumapili iliyofuata)

Siku ya kumi leo. Watajiju yuko kwenye mnyororo chini ya mwembe, anakula, anakunywa, ananitazama nikipita. Alhamisi nilichomwa ya pili, kesho ya tatu. Daktari kasema nikamweleze hali ya mbwa ndipo aseme habari ya zilizobaki, na afisa mifugo amekubali kuja kuwachanja wote watatu.

Pengo la ua tuliliziba juzi mimi na mjukuu wa mzee, kwa matawi ya mchongoma na kipande cha bati la pagala. Mikono imetoboka kuliko muundi. Mzee sasa anawafunga saa kumi kasoro, kabla hajaenda msikitini. Siku mbili za mwanzo alisahau, nikashuka, nikatembea na baiskeli yangu ubavuni kama nilivyofundishwa. Wa sikio alibweka mpaka sauti ikamkauka.

Mtoto mmoja wa mbwa nimeombwa nimchukue. Nimekataa. Mke wangu amekubali. Hilo bado tunalijadili.

Boda, mikate minane mzee amesema atalipa mwisho wa mwezi. Kwa sasa ameongeza deni, kila asubuhi anachukua mkate mmoja wa nusu kilo, ananiambia "andika".