Presha haijawahi kuniuma, ila eko inasema ukuta wa moyo umenenepa

Mnunuzi wa Kibaigwa
Habari zenu ndugu. Nina miaka 49, nanunua mahindi soko la Kibaigwa na gunia nanyanyua mwenyewe. Mwezi uliopita nilienda kumchangia damu shemeji yangu. Nesi akapima presha mara tatu, akanikatalia: 178 kwa 106. Kichwa hakiumi, kizunguzungu sina. Nikafanyiwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, Dodoma mjini. Karatasi inasema ukuta wa chumba cha kushoto milimita 14, EF (asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo) 63, na moyo "haulegei vizuri". Foleni ilikuwa ndefu, nikaandikiwa dawa za presha, amlodipine na losartan, nikatoka. Kama moyo unasukuma vizuri, ubovu uko wapi?

Nesi wa Area C
Pole kaka. Waangalie vijana wanaopakia malori hapo sokoni, mabega yao yalivyo. Msuli ukibebeshwa kila siku unanenepa. Chumba hicho cha kushoto kinasukuma damu mwili mzima, na presha imekibebesha kwa miaka. Kwa mwanaume ukuta huwa milimita 6 mpaka 10. Tofauti na bega, moyo ukinenepa kwa presha unaota nyuzi za kovu, unakakamaa. Unakijua kiriba kilichokauka? Ukikifinya maji yanatoka, kukijaza ndiyo kazi. EF inapima kutoa, haipimi kujaa. Damu inayokosa nafasi inarudi nyuma: chumba cha juu kinatanuka, mapigo yanavurugika, damu inaweza kuganda humo ikaenda kuziba mshipa wa ubongo.

Binti wa Mpwapwa
Shikamoo kaka. Baba yangu alimeza dawa miezi miwili, presha ikashuka, akasema amepona. Miaka minne baadaye tulimkuta usiku amekaa kwenye kigoda mlangoni, akilala anakosa pumzi. Ukimbonyeza muundi, shimo la kidole linabaki. Naomba usiache dawa.

Mnunuzi wa Kibaigwa
Marahaba mdogo wangu, pole sana. Nesi, ukuta unaweza kurudi?

Nesi wa Area C
Unaweza kupungua, presha ikishuka ikakaa chini. Ni suala la miezi, si wiki. Amlodipine ikikuvimbisha miguu rudi kwa dokta akubadilishie, usiache kimyakimya. Magunia waachie vijana kwanza. Na mlenda, kaka: magadi yana sodiamu kama chumvi, nayo inapandisha presha.

Mnunuzi wa Kibaigwa
Magadi! Nyumbani huwa tunaweka kijiko kizima. Asante dada. Kesho napima kabla ya kwenda sokoni, nitaleta namba hapa.