Mlijua tangu asubuhi ndege haiji. Kwa nini mlituweka Songwe mpaka usiku?

Wakuu, habari za jioni.

Shirika silitaji, barua yangu wanayo. Hapa nataka tuongee jambo moja, sisi tunaopanda ndege za nauli nafuu kati ya Mbeya na Dar: hawa watu wanajua mapema kabisa kwamba ndege haitakuja, na wananyamaza.

Kuchelewa kwa ndege nakuelewa. Ukungu ukitanda pale Songwe hata rubani mzoefu anageuza, na ni heri ageuze. Kiti kinabana, maji unanunua, sawa, nauli ni ndogo na tulikubaliana hivyo. Lakini hakuna mahali kwenye tiketi yangu palipoandikwa kwamba nimenunua na kudanganywa.

Ilikuwa Ijumaa, safari ya saa 9:40 alasiri kwenda Dar. Mnaoujua uwanja wa Songwe mnajua haupo mjini. Tangu ulipofunguliwa mwishoni mwa 2012 na ule wa zamani wa mjini kuachwa, ni lazima utoke mapema, uvumilie foleni ya barabara kuu ya TANZAM kuanzia Mafiati, uteremke Iwambi nyuma ya malori ya Tunduma, upite Mbalizi ndipo ufike. Na hapo nasema sisi wa mjini. Kulikuwa na watu waliotoka Kyela, Tukuyu, Chunya, wengine walilala kwa ndugu Mbeya usiku wa kuamkia safari ili tu wasikose ndege.

Kaunta ikafunguliwa kama kawaida. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kyela anampelekea binti yake aliyejifungua mchele, boksi limefungwa kamba vizuri kabisa. Mzani ukaonyesha kilo tatu zaidi. Dada wa kaunta akamwambia alipie au apunguze. Mama hakuwa na hela ya ziada, akapiga magoti palepale sakafuni, akafungua kamba, akaanza kuchota mchele kwa mikono kuutia kwenye kanga. Punje zikatawanyika kwenye vigae. Akapima tena, bado imezidi kilo moja. Akatoa simu, akalipa. Risiti akapewa.

Ile hela ililipia mzigo wa ndege ambayo haikuwa inakuja. Na waliompimia walikuwa wanajua. Nitaeleza nimejuaje.

Saa tisa na nusu tukaambiwa kuna ucheleweshaji kidogo, hali ya hewa. Tukatazama nje: jua linawaka, Mlima Mbeya unaonekana mpaka kileleni. Muda si mrefu ikatua ndege ya shirika lingine, ikashusha, ikapakia, ikaruka kwenda Dar hiyohiyo. Tukauliza, hiyo hali ya hewa inachagua ndege? Maelezo yakabadilika: sababu za kiufundi. Jioni yakawa "sababu za kiuendeshaji", maneno ambayo hata aliyekuwa anayasema hakuweza kuyafafanua. Ilipofika saa tatu usiku, wale dada wameshaanza kufunga kompyuta, ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu: ndugu mteja, safari yako imefutwa, tunaomba radhi.

Sasa sikieni. Mmoja wa wafanyakazi, kijana muungwana ambaye naamini alichoka kutudanganya, alituambia kwa sauti ya chini kwamba ndege ilikuwa imekwama Mwanza tangu asubuhi. Tangu asubuhi! Hatujaondoka hata majumbani kwetu.

Na ukifikiria ndivyo biashara yao inavyokwenda. Nauli inashuka kwa sababu ndege haipumziki. Moja hiyohiyo inazungushwa kutwa: Dar, Mwanza, Dar, Kilimanjaro, Dar, kisha ndiyo ipande huku. Safari ya kwanza ikikwama, zote za nyuma yake zinasogea, na ya jioni ndiyo inayofutwa, maana marubani nao wana ukomo wa saa za kazi kwa siku na huwezi kuuvuka. Kwa hiyo mtu aliyekaa ofisini Dar mbele ya ratiba, saa nne asubuhi anaona wazi kwamba Mbeya ya jioni haipo. Ana namba zetu zote za simu. Promosheni anazituma kwa namba hizohizo hata saa tano usiku.

Kwa nini hasemi? Mimi naona jibu ni moja. Akisema mapema, watu watadai hela zao na kukata tiketi kwingine. Ndege ya shirika lingine ilikuwa na viti siku ile, tuliona watu wakipanda. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu Oktoba 2023. Mtu akiambiwa saa sita mchana anawahi stendi, anapanda la jioni, asubuhi yuko Dar. Barabara ni ndefu, zaidi ya kilomita 800, lakini unafika. Wakinyamaza mpaka saa tatu usiku, ndege ya wenzao imeshaondoka, mabasi yameshaondoka, na wewe umebaki mikononi mwao. Hapo ndipo wanapokuletea vocha ya kusafiria siku nyingine badala ya hela yako.

Kulikuwa na mzee na mkewe, nimeshindwa kuwatoa kichwani. Mama ana kliniki Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, Jumatatu, lakini walitaka wafike Ijumaa ili apumzike kabla, maana safari inamchosha. Ndege waliichanga watoto, kwa sababu kwa basi mama asingeweza kukaa saa zote zile na zile kona za Kitonga. Mzee alikuwa ameshika bahasha ya kaki yenye picha za vipimo, hakuiweka chini jioni nzima. Kila tangazo likitolewa ananiuliza, "Mwanangu, wamesemaje?" Namwambia, "Baba, wanasema tusubiri." Baridi ya usiku ilipoanza mama akafunikwa koti la abiria mwingine. Chakula hakuna, chai hakuna. Nilimfuata msimamizi nikamwomba angalau huyu mgonjwa atafutiwe pa kulala. Akanijibu kwamba tiketi za promosheni hazina huduma hiyo.

Tukaondoka kila mtu kivyake. Teksi zinajua mkiwa wengi usiku hamna ujanja, bei ikapanda. Mzee na mkewe walichukuliwa na abiria mmoja wa Iyunga akawalaza kwake, Mungu ambariki.

Kesho yake wakasema viti vimejaa, nafasi ipo Jumatatu. Jumatatu! Mama wa watu kliniki yake ndiyo hiyohiyo. Kurudishiwa hela? Jaza fomu, subiri. Nimejaza, nimesubiri, bado. Nikipiga simu naambiwa ombi linashughulikiwa. Mimi nilipanda basi la alfajiri, nikafika Dar shughuli niliyoifuata imeshakwisha, aliyekuwa anioneshe mzigo ameshauza kwa mwingine.

Halafu fikirieni ikiwa wewe ndiye umechelewa. Kijana kutoka Chunya namfahamu, gari lao liliharibika njiani, akafika kaunta imefungwa muda mfupi tu uliopita, ndege bado iko uwanjani anaiona kwa macho. Tiketi ikafa. Hawakumuuliza hata jina. Yeye kuchelewa ni kosa, wao kutokuja kabisa ni radhi.

Wenzetu Ulaya wana Kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Safari ikifutwa bila abiria kuarifiwa angalau siku 14 kabla, na hakutafutiwa usafiri mwingine wa muda unaokaribiana, shirika linalipa kati ya yuro 250 na 600 kutegemea umbali. Ikiwa kweli ni hali ya hewa, fidia hiyo hailipwi, lakini chakula na malazi viko palepale, awe amekata tiketi ya bei gani. Na mashirika ya nauli nafuu kule yapo tele na yanapata faida, kwa hiyo msituambie kwamba ukitaka bei ndogo lazima ukubali kulala njaa.

Kwetu kuna TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, kazi yake ni kupokea malalamiko kama haya. Utaratibu ni kwamba unaanza kwa kuliandikia shirika lenyewe, usiporidhika ndiyo unapeleka mbele. Wengi wetu tunaishia kugombana na dada wa kaunta, tunarudi nyumbani, basi. Yule dada hana uamuzi wowote. Tuandike.

Ninachotaka si makubwa. Ukijua saa nne kwamba ndege ya jioni haipo, nitumie ujumbe saa nne. Nirudishie hela yangu kwa njia ileile niliyolipia, ilichukua sekunde kuingia kwako. Mzigo ambao haukusafirishwa usiutoze. Mama wa Kyela arudishiwe hela ya ile kilo yake. Na mgonjwa mwenye barua ya rufaa apewe kiti cha kwanza kinachopatikana, hata kama ni kwa shirika lingine.

Barua ya kwenda kwenye Baraza nimeshaianza. Kama ulikuwepo Ijumaa ile, au yamekukuta ya namna hii Songwe, Nduli ya Iringa ama Dar, tunza tiketi, risiti ya mzigo na ule ujumbe wa kufutwa usiufute, unaonyesha saa uliyotumwa. Nitafute inbox tuziambatanishe pamoja. Na kama kuna anayemfahamu yule mzee, naomba aniambie mama alifika kliniki au hakufika.