Nyumba niliyonunua bado ina wapangaji, na faili langu limerudishwa

Kutoka: Dada wa Najjera

Ndugu zangu wanajumuiya, salaam.

Nimetoka ofisi ya ardhi hapa Uganda mchana huu na faili langu la uhamisho limerudishwa. TIN (namba ya mlipakodi) ninayo, ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 nimeulipa, ridhaa ya mke wa muuzaji imo ndani, na upekuzi wa hati ulitoka safi, bila zuio wala rehani. Kilichonirudisha ni mstari mmoja katika ripoti ya mkaguzi, usemao kwamba kuna watu wanaokaa katika eneo hilo na haki zao hazijaelezwa. Karani alinionyesha mstari huo kwa ncha ya kalamu, akalifunga faili, akamwita anayefuata.

Nyumba ni ya lizi, yaani ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu, kwa kuwa mimi si raia wa Uganda na mipaka yetu wageni mnaijua. Kuna nyumba kubwa mbele na vyumba vitatu uani. Mkataba wa mauzo unasema nitakabidhiwa ikiwa tupu. Muuzaji amekwisha kupokea sehemu kubwa ya fedha na amehamia kijijini kwao, lakini wapangaji wote wapo. Anayekaa nyumba kubwa amenionyesha stakabadhi kwamba alimlipa muuzaji kodi ya miezi ya mbele pamoja na amana, muda mfupi kabla sijatia saini. Nyuma ya vyumba vya uani kuna bibi mzee mwenye kijumba cha udongo na migomba yake, ambaye dalali alinitambulisha kwake kama mlinzi wa kiwanja. Bibi mwenyewe anasema hajawahi kumlindia mtu yeyote, na kwamba pale ni kibanja cha marehemu mumewe, yaani kipande alichokaa na kulima ndani ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine.

Ninaomba kujua jambo moja. Huyu mpangaji aliyelipa mbele, kodi na amana yake anamdai nani kuanzia sasa, mimi au muuzaji? Sitaki kumdhulumu, lakini pia sina uwezo wa kulipa fedha ambazo sikuzipokea.

Kutoka: Mzee wa Old Kampala

Pole sana, mwanangu. Yaliyokupata yamewapata wengi humu, ila wengi hawapendi kuyasema.

Nyumba yangu ya kwanza hapa niliinunua upande wa Mengo, nikamkuta fundi cherehani ameigeuza sebule kuwa karakana, ana vyerehani na wanafunzi wake. Muuzaji aliniapia kwamba fundi atatoka mwisho wa mwezi. Mwezi ulipokwisha, fundi alinipa kiti, akanitolea daftari la shule ambamo kila mwezi muuzaji alitia saini mbele ya kiasi alichopokea, na hapakuwa na mwezi uliorukwa. Nilimheshimu kwa daftari lile. Tulikwenda pamoja kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), tukaandika makubaliano mapya, akakaa kwangu kwa amani mpaka alipopata duka Ndeeba.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na LC1, wala usianze na madalali wa mahakama. Kuhusu huyo aliyelipa mbele, ninavyofahamu ni kwamba mkataba wake ulikufa siku nyumba ilipouzwa, kwa sababu aliingia mkataba na mtu na si na kuta. Mpe mwezi mmoja wa hisani, kisha naye akamtafute aliyekula fedha zake.

Kutoka: Mwalimu wa Ntinda

Shikamoo, Mzee. Kwa heshima zote, aya yako ya mwisho si sahihi, na ninaomba isimpotoshe dada yetu. Mkataba wa kupanga haufi kwa sababu nyumba imebadilisha mwenyewe. Mnunuzi anaichukua nyumba pamoja na mpangaji wake, na mpangaji aliyelipa kwa nia njema kwa mtu aliyekuwa mwenye nyumba siku ile hawezi kulipishwa mara mbili. Wewe mwenyewe ulimkubali fundi wako kwa daftari lake, Mzee, na kwa hiyo ulitenda vizuri kuliko unavyoshauri.

Tangu 2022 tuna Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji, na ninasikitika kila ninapoona wanajumuiya wakiishi kana kwamba haipo. Upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi unatakiwa uwe kwa maandishi. Kodi haipandishwi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata mwenye nyumba akiwa mpya na amenunua kwa mkopo. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi hupewa notisi ya siku 30, na asipotoka baada ya hapo hatolewi ila kwa amri ya mahakama. Mwenye kung'oa mlango au kukata umeme ili watu watoke anajitafutia kesi.

Sheria hiyo inamhusu mpangaji wa chumba na nyumba. Bibi yuko chini ya sheria nyingine kabisa, na kama ningekuwa wewe, dada, ningelala nikimfikiria yeye kabla ya huyo mwenye stakabadhi.

Kutoka: Mfanyabiashara wa Kikuubo

Mimi naona tunazunguka. Sisi ni raia wa Afrika Mashariki na Itifaki ya Soko la Pamoja imetupa haki ya kuishi na kumiliki popote. Dada anunue kama raia, abadilishe lizi hiyo iwe mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi ya Buganda), ofisi itamheshimu. Ikishindikana, afungue kampuni.

Kutoka: Wakili Mkenya, Kololo

Ndugu wa Kikuubo, ninakusihi usiandike mambo haya mahali ambapo watu wanatafuta mwongozo wa fedha zao zote za maisha. Itifaki ilianza kutumika Julai 2010, na kifungu chake cha 15 kinasema waziwazi kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitafuata sera na sheria za kila nchi mwanachama. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 237, inamruhusu asiye raia kupata lizi tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaweka kikomo cha miaka 99. Kampuni ambayo mamlaka yake yako mikononi mwa wasio raia nayo huhesabiwa kuwa si raia. Nimeona watu wakipoteza viwanja kwa ushauri huu huu.

Wala Uganda haituonei. Kwetu Kenya kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinawawekea wageni kikomo hichohicho cha miaka 99, na Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa.

Sasa kuhusu bibi. Ikiwa yeye, au mumewe aliyemwachia, alikaa na kuitumia ardhi ile bila kupingwa na mwenye hati kwa miaka 12 kabla Katiba haijaanza kutumika tarehe 8 Oktoba 1995, yaani tangu kabla ya Oktoba 1983, basi sheria inamtambua kuwa mkaaji wa nia njema. Hati kubadilisha mikono hakugusi haki yake hata kidogo, na mwenye hati mpya analazimika kuiheshimu. Marekebisho ya mwaka 2010 ya Sheria ya Ardhi ya Uganda yanasema hawezi kuondolewa ila kwa kutolipa busulu (ada ya ardhi ya kila mwaka), tena kwa amri ya mahakama. Haki ya namna hii haionekani kwenye upekuzi wa hati. Inaonekana kwa kutembea kiwanjani, kutazama umri wa migomba, na kuuliza makaburi yaliyopo ni ya nani. Kwa sababu hiyo mimi simlaumu karani aliyelirudisha faili lako.

Juu ya amana ya mpangaji siwezi kusema bila kuusoma mkataba wako wa mauzo.

Kutoka: Dada wa Najjera

Nawashukuru wote. Wakili, makaburi yapo. Nilikwenda jioni nikayaona, mawili, yamesakafiwa kwa saruji na yamefyekwa vizuri. Mwenyekiti wa LC1 anasema mume wa bibi alikuwa pale tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto, na yuko tayari kuliandika.

Muuzaji sasa anapokea simu mara chache. Anasema amana aliitumia kutengeneza paa, kwa hiyo iko ndani ya nyumba niliyonunua. Je, hoja hiyo inasimama?

Kutoka: Mama wa Entebbe

Ninyi nyote mnaandika kama wenye nyumba. Mimi niliuziwa nyumba nikiwa ndani yake kama mpangaji, na ningependa wanunuzi wajue jinsi inavyokuwa upande wetu.

Mwenye nyumba hakuniambia kitu. Nilianza kuona watu wanakuja siku za Jumapili, wanasimama nje ya lango na kupima kwa hatua, na mmoja aliomba kuona choo. Kisha asubuhi moja nikakuta ukutani maandishi ya rangi nyekundu, makubwa, kwamba nyumba haiuzwi. Walikuwa watoto wa mke mkubwa, ambao hawakushirikishwa. Baada ya hapo mtu nisiyemjua alinipigia akidai kodi, na mwenye nyumba wa zamani naye akanipigia akidai kodi hiyohiyo, kila mmoja akinitumia namba yake ya mobile money. Nilikuwa na watoto shuleni na sikujua nimlipe nani ili nisifungiwe mlango. Nilimwomba mwenyekiti aniandikie barua, nikawajibu wote wawili kwamba sitamlipa yeyote mpaka waje pamoja na waniletee maandishi. Walikuja, na ninaamini ni barua ile iliyowaleta.

Dada, kabla hujauliza anamdai nani, mpe mpangaji wako karatasi inayosema wewe ni nani na kodi alipe wapi baada ya miezi yake ya mbele kwisha. Mtu akilala bila kujua kesho atakuwa wapi hawezi kuzungumza nawe kwa utulivu. Sisi tuliokulia Pwani tulizoea nyumba kuuzwa mbele ya majirani, watu wakiwa wamekaa barazani na kila mwenye neno analisema kabla kalamu haijashikwa. Hapa nimekuta majirani wanaambiwa mwisho, na inaniuma kila mara.

Kutoka: Mzee wa Old Kampala

Mwalimu, nimekuelewa na nimekubali. Lakini tusisahau siasa. Februari 2022 Rais Museveni aliagiza kwamba hakuna kuwaondoa watu kwenye ardhi bila kamati ya usalama ya wilaya kushirikishwa. Tangu hapo hata mwenye amri ya mahakama anapitia kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Dada ajiandae kuwa mgeni mwenye pesa anayesimama mbele ya RDC kumzungumzia bibi mjane. Hilo halina ushindi, hata sheria ikiwa upande wake.

Kutoka: Mwalimu wa Ntinda

Mzee, agizo lile lilihusu kuwaondoa watu kwenye ardhi, yaani watu kama bibi. Tusilichanganye na mpangaji wa chumba aliyemaliza muda wake, ambaye kesi yake ni ya mahakama ya kawaida. Ila kwa bibi umesema kweli, na mimi naona hata wazo la kumwondoa lisiwepo. Watu wa Buganda walipata sheria ya kumlinda mwenye kibanja mwaka 1928, na mgogoro wenyewe ulianza na mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, uliogawa mailo juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakilima. Mgeni anayenunua leo anaingia katikati ya historia hiyo, apende asipende.

Kutoka: Wakili Mkenya, Kololo

Niongeze la utendaji. Dada, usimalizie malipo. Fedha iliyobaki ndiyo nguvu pekee uliyonayo kwa muuzaji, na ni katika hiyo mnaweza kukata kodi ya mbele, amana, na fidia ya kipande cha bibi, kwa nyongeza ya mkataba itakayosainiwa na wote. Weka zuio kwenye hati wiki hii kabla hajamuuzia mwingine. Kisha mpima ardhi atenge kipande cha bibi kwenye ramani, bibi na wanawe watie saini kwamba mipaka ndiyo hiyo, na ripoti mpya ya mkaguzi iende na faili. Hoja ya paa siipendi, lakini narudia kwamba nahitaji kuuona mkataba.

Kutoka: Mfanyabiashara wa Kikuubo

Nimeyasoma ya Wakili kuhusu kampuni. Basi nauliza jambo jingine: wapangaji wakibaki, je, URA (mamlaka ya mapato) wananihesabia kodi ya pango tangu siku ya mkataba au tangu siku hati ilipoingia jina langu? Maana ile asilimia 12 juu ya kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka haikubali kutoa gharama, na mimi nina nyumba Bweyogerere yenye hali kama hii.

Kutoka: Fundi Umeme wa Kireka

Kabla ya URA, angalieni mita. Tangu Aprili 2025 umeme uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kumalizika, na Yaka nyingi (mita za kulipia kabla) bado zina majina ya wenye nyumba wa zamani, wengine wamekwisha kufariki. Mnunuzi ananunua tokeni miaka mingi kwa jina la mtu mwingine, na siku mita ikiharibika hana hati ya kudai nyingine. Maji ni magumu zaidi, kwa sababu bili ya NWSC (shirika la maji) huja baada ya matumizi, na vyumba vya uani mara nyingi vinakunywa kutoka mita moja na nyumba kubwa.

Dada wa Najjera, nenda na mpangaji wako wa nyumba kubwa mpaka kwenye mita, msome namba pamoja, mziandike kwenye karatasi mbili na kila mmoja atie saini. Bibi naye muulize maji anayachota wapi. Ikiwa ni kwenye mita yako, liandikwe kwenye ile nyongeza ya Wakili pamoja na mipaka yake.