Gari inalia chini, mafundi wanafungua kila kitu isipokuwa kinacholia. Nimechoka!

Wakuu habari zenu, kama una haraka pita tu maana leo nimechafukwa na nitaandika mpaka niishe.

Hivi huu ufundi wa kubahatisha kwa hela ya mteja utaisha lini jamani? Gari yangu ni IST old model, injini ya 1NZ, gari ambayo Dar nzima hakuna fundi asiyedai kwamba anaijua amefumba macho. Ikaanza kulia chini. Naomba tuelewane hapo, haigongi, inalia, trrrrrrrr, mlio wa bati, usawa wa miguu ya abiria wa mbele na kurudi nyuma kidogo. Asubuhi ukiwasha ikiwa ya baridi ndio balaa, mtaa mzima unajua natoka. Na mlio wenyewe ulikuwa unajieleza kabisa kwa mtu mwenye masikio: gari imesimama, handibreki juu, gia iko P (ya kupaki), unausikia. Ukiweka D (ya kwenda mbele) umekanyaga breki unakolea. Ukikanyaga mafuta kidogo mshale wa mzunguko wa injini ukapanda kuelekea 2000 mlio unakata, ukiachia unarudi. Ukiwa barabarani ukapita matuta ya Goba hauongezeki wala haupungui.

Hayo yote niliyasema, kwa Kiswahili, taratibu, kwa fundi wa kwanza. Hakunisubiri nimalize. "Boss hiyo ni stabilaiza linki, hizi IST ugonjwa wao ndio huo." Hajainama, hajawasha gari, chai mkononi.

Sasa niulize wanaojua zaidi yangu, stabilaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha mguu wa tairi na chuma cha kuzuia gari isilale kwenye kona, kazi yake si inaanza pale tairi moja inapopanda na nyingine ikashuka? Gari imesimama kwenye sakafu ya zege haijasogea hata nchi moja, linki inapiga kelele inacheza na nani? Nikamuuliza hivyo hivyo. Akaniambia "boss wewe lete hela ya spea, ikiendelea kulia rudi." Huo ndio upimaji wenyewe! Nunua, funga, ikilia rudi, nunua kingine. Yaani gari yako inageuka daftari lake la mazoezi na kalamu unanunua wewe.

Zikafungwa linki mpya pande zote mbili, kisha nikaambiwa lazima nikapige alaimenti (kunyoosha uelekeo wa tairi) kwa jamaa yake pale jirani "kwa sababu tumegusa miguu". Elfu thelathini. Wakuu, linki haishiki uelekeo wa tairi hata kidogo. Ukibadilisha tairodi, rakiendi (vyuma vinavyogeuza tairi ukikata kona), au kitu kama shokapu na lowa amu (mkono wa chini unaoshika tairi) hapo sawa, kapige alaimenti, tena ukikataa tairi zitaliwa upande mmoja. Lakini linki? Ile ilikuwa njia ya kumpelekea mwenzake mteja, basi. Na nilivyoomba linki zangu za zamani nizione zilivyokufa, zimeshatupwa. Zimetupwa wapi ndani ya dakika kumi?

Nikatoka pale, nikawasha gari, trrrrrrrr.

Nikaenda gereji nyingine, hii ya kisasa kisasa, ina geti, ina kiti cha kusubiria na TV, mafundi wamevaa ovaroli zinazofanana. Nikasema hapa nimefika. Jamaa akaniambia tutaiweka kwenye mashine, elfu thelathini tena. Nikamwambia kaka, taa ya cheki injini haijawaka, tatizo langu ni mlio, mashine yako ina masikio? Akacheka kidharau akachomeka. Ile mashine inasoma kompyuta ya gari, na kompyuta ya gari inajua tu yale inayoambiwa na sensa zake, kama oksijeni sensa, ya joto la maji, ya hewa inayoingia na kadhalika. Boliti iliyoliwa na kutu chini ya gari haina sensa. Bushi (raba ya kwenye maungio) haina sensa. Lakini jamaa akakaa dakika kadhaa anaperuzi kwa uso wa kikazi kabisa, akatoa jibu kwamba "mfumo uko sawa" kwa hiyo tatizo litakuwa shokapu za mbele na bushi zote za lowa amu, na akaniandikia bajeti ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mke wangu anapitaga humu.

Shokapu zangu hazivuji mafuta hata tone, ukikandamiza boneti pembeni ukaachia gari inapanda inatulia, haibembei. Nikakataa. Nikalipa ya mashine nikaondoka.

Sasa njooni kwenye kituko chenyewe kilichonifanya nifungue huu uzi.

Rafiki akanielekeza kwa fundi wa ekzosi na sailensa. Huyu angalau alilala chini. Akagonga gonga bomba kwa nyuma ya spana, akatoka na uso wa msiba: "Kaka masega yamekufa, yamevunjika ndani. Ukiendelea kuendesha yataziba ekzosi uue injini. Ila usijali, mimi nakutolea bure, na juu yake nakupa laki na nusu."

Tulia hapo usome tena. Fundi wa Dar ananifanyia kazi bure HALAFU ananipa hela. Lini umeona?

Kwa wasiojua, masega ni kile kipande cha kauri chenye vitundu vitundu kilicho ndani ya ekzosi, kazi yake kusafisha moshi wa sumu kabla haujatoka nje. Kile kipande kimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ambayo hayaokotwi njiani. Mwaka 2021 rodiamu ilipita dola 25,000 kwa aunsi moja. Imeshuka sana tangu hapo lakini biashara haijafa, ndio maana kila kona siku hizi kuna kibao "tunanunua masega" na ndio maana kuna watu wanapeleka gari sevisi ya kawaida linarudi na sauti ya pikipiki hawajui wameibiwa nini. Wanafungua, wanavunja kauri, wanaifungasha kwenye kiroba, wanachomelea bomba tupu, wewe unapewa ufunguo na tabasamu. Baada ya hapo sensa ya nyuma inasoma moshi mchafu, taa ya cheki injini inawaka, ukipima unaletewa kodi P0420, yaani masega hayasafishi moshi, unaambiwa nunua sensa mpya. Unaona mzunguko ulivyo?

Na ni kweli masega yanaweza kuvunjika na yakilia yanalia, hilo sibishi. Ila yana dalili zake. Yakivunjika vipande vinacheza ndani ya kile kichungi, ekzosi ikiwa ya baridi ukikipiga kwa ngumi au nyundo ya raba unasikia kokoto kwenye kopo. Yakishaanza kuziba gari inakosa nguvu, kilima cha kawaida inahema, ukikanyaga mafuta haiitiki. Gari yangu inavuta vizuri tu, mafuta inakula yale yale. Nikamwambia gonga tena mbele yangu. Akagonga. Nikamwambia sasa shika hilo bati la juu kwa mkono halafu ugonge. Hakutaka. Akaanza habari ya foleni ya wateja.

Nilichukua gari yangu. Kesho yake asubuhi ikiwa haijawashwa, ekzosi ya baridi kabisa (ukishika ekzosi ya moto ngozi inabaki pale, usijaribu), nikaipandisha upande mmoja, nikaweka stendi zile za chuma. Na hapa naomba muwe makini, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, jeki inateleza na IST pamoja na udogo wake ni karibu tani nzima. Nikaingia na tochi na glavu. Nikaanza kushika kimoja kimoja natikisa. Raba za kuning'inizia ekzosi zipo nzima. Andakava (kifuniko cha chini ya gari) klipu zake zipo. Nikafika kwenye lile bati jembamba la kukinga joto lililofunika bomba juu ya masega, nikaligusa kwa kidole tu: trrrr.

Kidole!

Boliti moja haikuwepo kabisa, kichwa kimeliwa na kutu, na tundu la boliti ya pili limepanuka kwa kutu mpaka bati linapita juu ya kichwa cha boliti. Bati linaelea. Injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) mtetemo wake unalichezesha linapiga bomba, ukipandisha mzunguko mtetemo unabadilika linatulia. Ukiweka D injini inabeba mzigo inatetemeka zaidi, linapiga zaidi. Kila kitu nilichowaambia mafundi tangu siku ya kwanza ndio jibu lenyewe! Gari nyingi hizi za Japani zilizoishi kule kwenye theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi zinakuja na kutu chini, juu rangi inang'aa unashangilia bandarini, chini boliti zimeisha.

Dawa yake: klipu mbili za hozi, zile kubwa za stenlesi, unaunganisha kama bomba ni nene, unazungushia bati pamoja na bomba, unakaza kwa bisibisi. Kariakoo zimenigharimu elfu nane. Asubuhi hii nimewasha, kimya. KIMYA.

Halafu kuna wanaosema "lichomoe tu hilo bati utupe". Usitupe. Juu yake kuna sakafu ya gari, kapeti, mabomba ya breki na ya mafuta yanapita maeneo hayo, na ukipaki kwenye majani makavu msibani huko Singida utajua lilikuwa na kazi gani.

Kinachoniuma sio hata hela. Linki na alaimenti na mashine vimeshaenda. Kinachoniuma ni kwamba swali lilikuwa moja tu, INALIA LINI, na hakuna aliyeuliza. Inalia ikiwa imesimama imewashwa? Basi achana na miguu, nenda kwenye ekzosi, mabati, mauntingi (raba zinazobeba injini). Inalia kwenye mashimo na matuta tu? Hapo ndio uje na linki zako, bushi, boljointi, shokapu. Inakata ukigusa breki kidogo? Angalia breki padi na pini za kalipa. Inafanya tak tak tak ukikata kona mpaka mwisho? Sivi jointi hiyo, ungio la ekseli inayozungusha tairi. Kabla ya yote toa jeki, wili spana na spea tairi kwenye buti uendeshe bila hivyo, maana kuna mtu namfahamu amebadilishiwa shokapu za nyuma kwa kosa la wili spana isiyofungwa.

Hata linki yenyewe hawajui kuipima. Wananyanyua gari tairi zinaning'inia wanaitikisa, haichezi, au wanasema inacheza kumbe haichezi. Pale imevutwa, uchezaji unaweza kujificha. Iache gari chini kwa tairi zake, shika linki, mwenzako atikise gari kwa juu, utausikia ukigonga mkononi. Boljointi nyanyua, shika tairi juu na chini utikise. Tairodi shika kushoto na kulia. Dakika tano na hakuna mashine.

VETA (vyuo vya ufundi vya serikali) wanafundisha ufundi magari miaka nenda rudi, vijana wazuri wapo, sijasema wote ni wezi. Lakini gereji ya mtaani niliyoona imebandika cheti cha fundi ukutani sijaiona, bei ya sevisi ndio imebandikwa.

NYONGEZA: Naona mnauliza gereji gani. Sitaji, sina hela ya wakili. Na huyo aliyesema "mkuu ungeuza tu masega, laki na nusu ni hela", kauze ya kwako halafu uje hapa na uzi wako wa P0420, nitakuwepo.

Mliouliza kama nitadai, ndio. Ya linki nimeisamehe kwa sababu hata hivyo sasa zipo mpya. Ya alaimenti nairudia Jumamosi asubuhi, na karatasi yao niliyopewa ninayo, inaonyesha vipimo vya kabla na baada ni vile vile namba kwa namba. Mrejesho nitaleta humu humu.