Mrejesho: IST ya petroli vs Leaf ya umeme hapa Mwanza

Wakuu habari za jioni, niliwauliza kama niuze Toyota IST yangu nichukue Nissan Leaf ya umeme kwa ruti ya Kisesa na mjini, basi nimeichukua na mrejesho ndo huu.

Lita ya petroli tufanye elfu tatu hesabu iwe nyepesi, maana EWURA (wadhibiti wa nishati) wanabadili bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na huku kwetu huwa juu kuliko Dar. IST kwenye foleni ya Buzuruga ilikuwa inanipa km 12 kwa lita, yaani buku (elfu moja) inaishia km 4. Buku ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni uniti 2.8, naichaji usiku soketi ya kawaida, inanisogeza kama km 15 hivi.

Ila wewe uliye kwenye bei nafuu ya umeme ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi jipange, ukichaji gari lazima upitilize TANESCO wakuhamishe, hapo hadi friji na pasi vinalipa bei ya juu 😂

Oili ya injini na plagi nimeshasahau, breki pedi nazo zinaisha taratibu coz ukiachia mguu gari linajizuia lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Matairi na bushi ni vilevile, mawe ya Mwanza hayajui umeme.

Betri ndo roho mkononi. Leaf hizi za zamani hazipozi betri kwa maji na za mtumba wa Japani nyingi zishachoka, kabla hujalipa hesabu vile vidoti vya uzima wa betri pembeni ya geji ya chaji, ikiwa mpya ni 12, yangu ina 9. Geita kwenda na kurudi sithubutu hata kama daraja la Busisi lipo, huko naazima gari la shemeji.